Kamera Iliyokatiwa Umeme

Mimi Djamali nachaji simu za watu hapa Kasongo, na sipendi kufundishwa jinsi ya kuendesha jenereta yangu. Kwa hiyo mwalimu Aimée alipofika kutoka Kabambare, matope mpaka kiunoni baada ya siku mbili za pikipiki, akaanza kunipa masharti, nilimnunia.

"Papa Djamali, ukizima mashini katikati, kamera itakufa. Programu ya zamani inafutwa kwanza, ndiyo mupya inaandikwa. Ikikatika pale, haiko na ya zamani, haiko na mupya."

"Mafuta iko tele," nilimjibu. "Kaa chini, mwalimu."

Ilikuwa kamera ya kupiga picha za nyota, nene kama kopo la maziwa. Padri mmoja aliiachia shule yao. Aimée alikuwa akifuata nyota moja inayofifia na kung'aa tena. Chuo kimoja cha ng'ambo kilimwahidi nafasi ya masomo akileta picha za usiku arobaini, bila kukosa zaidi ya siku nne mfululizo. Alikuwa nazo thelathini na nne. Kisha kompyuta yake ikagoma kuisoma kamera mpaka ibadilishwe programu ya ndani. Betri ya kompyuta hiyo ilikufa zamani, na Kabambare mtandao ni wa kubahatisha. Ndiyo maana akaja kwangu. Siku mbili kuja, mbili kurudi: zilimtosha, bila hata moja ya akiba.

Programu mpya ilipofika asilimia sitini na moja kuandikwa, jeneza la jirani yetu bibi Subira likatokea kwenye kona.

Mtaani kwetu maiti hapiti kwenye kelele. Mwenye redio anazima, mwenye cherehani anaondoa mguu, na mimi nazima jenereta. Nimefanya hivyo miaka ishirini, sifikirii tena. Mkono ulikwenda wenyewe. Nilipogeuka nikamwona Aimée amesimama wima, kiganja kifuani, anaitazama kompyuta iliyozimika, machozi yanamtiririka. Alikuwa ameuona mkono wangu ukienda.

Watu walipokwisha kupita, niliwasha. Kamera haikutoa hata taa. Kompyuta haikuitambua, kana kwamba hakuna kilichochomekwa. Tulijaribu waya mwingine, tukajaribu tena na tena mpaka adhuhuri. Michel, fundi wa simu jirani yangu, aliifungua, akaifunga.

"Iko tupu ndani," alisema. "Wenye kuitengeneza tu ndio wanaweza kuijaza. Ni kuituma Ulaya, na ni miezi."

Kisha akaongeza kwamba ajali haina kinga. Nilitamani kumpiga kwa bisibisi yake. Ajali gani? Niliambiwa!

"Kwa nini haukupiga kelele?" nilimuuliza Aimée. Nilikuwa nafoka, maana nilijichukia.

"Mbele ya maiti, Papa?"

Akaifunga kamera ndani ya kitenge, akamwita mwenye pikipiki. Nilimwomba abaki ale. Alisema wanafunzi wanamngojea kesho kutwa. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kukubali, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Alasiri wana wa marehemu walikuja kunishukuru. Walisema mama yao amepita kwa heshima, mashini yangu imenyamaza mara moja, wala hawakuhitaji kuniomba. Niliwapa mkono mmoja mmoja. Niliwaambia ndiyo desturi yetu.