Zoezi la Moto, Ghorofa ya Nne

Kila mara chuo chetu kinapofanya zoezi la moto, shemeji yangu hunipa likizo. Yeye ni mume wa dada yangu na ndiye mkuu wa usalama wa majengo. Wanafunzi wamembatiza King'ora, kwa sababu hata akinong'ona anasikika hadi kantini. Huja ofisini kwangu ghorofa ya nne, akaegemea mlango na kuniambia nipumzike nyumbani kesho, nisije nikasumbuka bure.

Usumbufu anaousema ni miguu yangu. Natumia kiti cha magurudumu, na king'ora kikilia lifti huzimwa. Mpango wake unasema nisogee hadi penye ngazi, halafu katibu muhtasi wa idara yetu na fundi wa maabara wanishushe kwa kiti maalumu kilichotundikwa ukutani. Mpango mzuri, sikatai. Ila hakuna aliyewahi kuujaribu, maana siku ya zoezi mimi huwa nyumbani nakunywa chai.

Mwezi uliopita jiko la kantini lilishika moto. Ulizimwa upesi, lakini moshi ulipanda hadi dirishani kwangu, na tangu siku hiyo usingizi umeniruka. Kwa hiyo safari hii aliponiletea likizo yake nilimwambia sitaki. Akanitania kwamba nina kichwa kigumu kama dada yangu. Nikamjibu kwamba tumezaliwa tumbo moja, alitegemea nini? Akaondoka anacheka. Nadhani alifikiri namtania.

Siku ya zoezi mlio wa king'ora ulinikuta nasahihisha mitihani. Nikajisukuma hadi penye ngazi. Katibu muhtasi akanipita mbio, mkoba kwapani, akanipungia mkono. Fundi akapita anaongea na simu. Si watu wabaya. Kwao zoezi ni kukimbilia chini, na mimi sijawahi kuwamo. Niliwaita, kelele zikameza sauti yangu. Ukumbi ulipobaki mtupu niliogopa, niliogopa kwelikweli, ingawa nilijua hakuna moto.

Kupitia dirisha la ngazini niliwaona wamejaa uwanjani. Shemeji alishika kipaza sauti akatangaza kwamba watu wote wameshatoka, tena upesi kuliko mwaka jana. Wakampigia makofi. Katibu muhtasi naye alipiga.

Nikampigia simu. Akapokea kwa furaha, akaniuliza niko wapi.

"Niko ngazini, ghorofa ya nne. Nasubiri kushushwa."

Nilimwona akiinua uso, akitafuta dirisha.

"Aa, shemeji, tumeshamaliza," alisema. "Lifti nimeshaiwasha. Wewe shuka tu."

Nyuma yangu lifti ilikuwa inanguruma kweli.

"Nitashukaje?" nikamwuliza. "Mimi nimeshakufa kwa moshi. Mpigie dada umpe habari. Na umwambie ulitangaza watu wote wametoka."

Nilimsikia akihema, huku watu wakianza kurudi kazini wakicheka na kusukumana. Katibu muhtasi alimgusa bega akamwuliza kitu, hakugeuka. Alikuwa bado anatazama juu, simu sikioni.

Nikakata simu, nikafunga breki za kiti changu, nikasubiri waje kunibeba.