Aliyezaliwa Tayari

Katika maisha yangu nimesema uongo mwingi usiomdhuru mtu. Nimewaambia washiriki wa kanisa letu hapa Mansfield, Texas, kwamba niliwahi kumpigia fisi mluzi akanifuata mpaka soko la Ol Kalou kama mbwa, nao wakaniongezea chai ili niendelee. Haya ninayoyaandika sasa hayamo katika fungu hilo. Ni habari za siku ambayo mdomo wangu nusura umharibie mpwa wangu Kariuki kitu alichokisomea miaka mitatu. Ilikuwa Houston, siku ya Jumanne, saa tano asubuhi, mbele ya marabi watatu.

Kariuki ni mtoto wa dada yangu, Mungu amrehemu. Ana miaka thelathini na minne na anafanya kazi ya kompyuta kule Irving, karibu na uwanja wa ndege. Alizaliwa bila govi. Sisemi alitahiriwa mapema. Nasema hakuwa nalo kabisa, na alivyotoka tumboni ndivyo alivyo leo. Madaktari wana jina la Kigiriki la hali hiyo, na wanasema ni nadra. Mkunga alipomwona alimwita bibi yake, bibi akamwita bibi mwingine, wakatazama, wakamfunika. Watu wa pwani wangesema ametahiriwa na malaika, mambo yakaishia hapo. Sisi wa Nyandarua hatuna malaika wa kazi hiyo. Kwetu mvulana hukatwa, damu ikashuka, ndipo akawa mtu. Asiyetoa damu ni kihii, yaani mvulana tu, hata akiota mvi, na akiitwa jina hilo mbele za watu hana pa kwenda kushtaki.

Basi alipofika miaka kumi na mitatu tulimpeleka zahanati mwezi wa Desemba, pamoja na wavulana wengine watano. Mimi mjomba ndiye niliyekuwa mlezi wake, yule anayesimama nyuma ya kijana na kumshika mabega, kisha akamuuguza na kumfunza. Tabibu alitazama, akanigeukia, akasema, "Mzee, huyu mmemleta kwa kinyozi na hana nywele."

Nilimpa jogoo anyamaze. Akamfunga Kariuki bendeji kubwa, akaipaka dawa ya zambarau, na kijana akatoka pale anatembea miguu wazi kama mtu aliyeshuka farasi. Wiki mbili alikaa na wenzake akila nyama ya mbuzi. Siri ya bendeji ikabaki kwa watu wanne: mimi, yeye, mama yake na yule tabibu. Wawili wamekwisha kufa.

Sasa, siri hailindwi kwa kunyamaza tu. Ukinyamaza sana watu huanza kuhesabu vidole. Kwa hiyo miaka yote hii, kila penye mazungumzo ya wanaume, mimi nilikuwa wa kwanza kusimulia jinsi Kariuki alivyosimama bila kupepesa jicho. Zahanati niliiacha nyuma zamani sana. Kwenye hadithi yangu kulikuwa na mto wenye barafu ukingoni, alfajiri, na mwaka mmoja niliongeza chui.

Kariuki aliponiambia kwamba anataka kuwa Myahudi, nilidhani ni chama cha kuweka akiba. Akanieleza taratibu. Amekuwa akisoma na mwalimu huko Dallas, hali nyama ya nguruwe, Jumamosi hagusi simu wala gari. Kilichobaki ni kufika mbele ya baraza la marabi Houston, na baraza hilo hukaa mara mbili tu kwa mwaka. Walitaka ndugu mmoja aliyemjua tangu kuzaliwa.

"Uwaambie ukweli, Mjomba," alisema. "Hicho tu."

"Kwani mimi huwa nawaambia watu nini?"



Dereva wetu siku hiyo alikuwa Ngugi. Huyu ni rika la Kariuki, mmoja wa wale watano wa zahanati, na hapa Texas anaendesha lori. Hapandi gari linaloendeshwa na mtu mwingine, anasema linamtia kichefuchefu. Tuliondoka Mansfield kabla jua halijachomoza, tukashika ile barabara ya arobaini na tano, na tulipopita Corsicana Ngugi akaanza maneno.

"Kariuki, hao watu si wataangalia kama umekatwa?"

"Wataangalia."

"Basi umepita huo mtihani. Rika letu halina mwoga. Na shahidi tunaye hapa nyuma. Mzee, ule mto ulikuwa na barafu ama sikumbuki vizuri?"

"Ulikuwa nayo," nikasema.

Ngugi akacheka peke yake mpaka Madisonville. Kariuki alikuwa anatazama nje, na mimi nilikuwa nahisi jasho mgongoni ingawa kiyoyozi kilikuwa kinapuliza. Nilijua nikisema ukweli pale Houston, nitausema masikioni mwa Ngugi, na Ngugi akijua, rika zima litajua kabla hatujarudi kwenye gari.

Marabi walikuwa wamekaa kwenye chumba kilichojaa vitabu mpaka juu ya mlango. Mkubwa wao aliitwa Rabi Mintz, mzee mwembamba mwenye sauti ya chini. Pembeni alikaa daktari mmoja wa watoto, ambaye ndiye ngariba wao. Walimhoji Kariuki karibu saa nzima kuhusu sala, sikukuu na vyakula, naye akajibu kama mtu anayesoma ukutani. Kisha Rabi Mintz akanigeukia.

"Wewe ulimjua tangu utotoni. Tuambie kuhusu tohara yake."

Naapa nilikuwa nimekusudia kusema ukweli. Nilifungua mdomo, nikamwona Ngugi amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, amekunja mikono. Ulimi ukashika njia uliyoizoea. Nikawapa mto, nikawapa barafu, nikawapa kisu kilichonolewa siku tatu. Chui nilimwacha, kwa heshima ya mahali.

Marabi wakatazamana. Rabi Mintz akamwuliza Ngugi, "Na wewe ulikuwepo?"

"Ndiyo, Rabi," Ngugi akasema bila kusita. "Nilikuwa wa tatu kwenye mstari."

"Kwenye mto?"

"Kwenye mto."

"Mto gani?"

"Malewa," nikasema.

"Ewaso Narok," akasema Ngugi, wakati huohuo.

Rabi Mintz aliinua karatasi moja mbele yake akaisoma polepole. Ilikuwa maelezo ya Kariuki mwenyewe, aliyoyaandika na kutia sahihi: kwamba alizaliwa bila govi na hajawahi kukatwa na mtu yeyote.

"Kijana anasema hivi," alisema rabi, "na watu wawili waliokuwa naye wanasema vile, tena kwenye mito miwili. Kuhusu mwili wake sina shida. Mtu akikatwa kabla hajaja kwetu, au akizaliwa hivyo, jambo linalofuata ni lilelile. Shida yangu ni kwamba leo natakiwa kupokea neno lake kwa maisha yake yote, na neno la kwanza tu halijulikani ni la nani. Tupumzike dakika kumi. Mambo yasiponyooka, tutaonana baraza lijalo."

Baraza lijalo lilikuwa baada ya miezi sita.

Ngugi akaenda kutafuta kahawa. Kariuki akanishika kiwiko, akanipeleka kwenye ukumbi, penye picha za watoto wa shule yao.

"Mjomba, unajua nilianzaje mambo haya?"

"Ulisema ni mwalimu wa Dallas."

"Kabla ya mwalimu. Siku moja kazini nilikuwa natafuta kwenye kompyuta jina la hali yangu. Nilikuwa nataka tu kujua kama niko peke yangu. Nikakuta marabi wa kale wanabishana juu ya mtoto kama mimi. Huyu anasema achomwe kidogo atoke damu, yule anasema asichomwe, wa tatu anauliza siku ya nane ikiangukia Jumamosi itakuwaje. Wamebishana karibu miaka elfu mbili. Hakuna hata mmoja aliyesema afichwe."

Nikageukia zile picha za watoto.

"Nyinyi mlinifunga bendeji pasipo na kidonda," akasema. "Nimeivaa miaka ishirini na moja. Najua mlinipenda. Lakini leo nakuomba uifungue."

"Na Ngugi?"

"Ngugi ataniita atakavyoniita. Mimi miezi sita siiwezi."

Tuliporudi ndani niliomba kusimama, kwa sababu nikikaa huwa nasimulia vizuri zaidi, na sikutaka kusimulia vizuri. Nikawaambia: hapakuwa na mto. Ilikuwa zahanati yenye bati la kijani. Tabibu hakukata kitu kwa sababu hapakuwa na cha kukata. Nilimpa jogoo anyamaze, tukamfunga kijana bendeji, na tangu siku ile nimekuwa nikidanganya kwa niaba yake bila yeye kuniomba.

Ilichukua kama nusu dakika. Kwa mtu kama mimi hiyo si hadithi, ni kikohozi.

Rabi Mintz akaniuliza, "Kwa nini tuamini hii na si ile ya kwanza?"

"Ile ya kwanza nimeisema mara mia mbili," nikasema, "na kila mara ilikuwa na kitu kipya. Hii nimeisema leo kwa mara ya kwanza, na haina hata chui."

Rabi mmoja akafunika mdomo kwa mkono. Kisha wote wakamtazama Ngugi, nami nikatazama sakafu.

"Mzee anasema kweli," Ngugi akasema.

"Dakika kumi zilizopita ulisema ulikuwa mtoni," rabi akamkumbusha.

"Mzee alikuwa amesema mto. Kwetu huwezi kumwacha mjomba wa mwenzako peke yake na uongo wake." Akajikuna shingo. "Lakini zahanati tulijua. Sisi watano. Usiku wa kwanza tulikuwa tunalia kila tukienda kukojoa, mtu anashikilia ukuta. Huyu akaenda, akakojoa, akarudi anapiga mluzi."

Kariuki akageuka taratibu kwenye kiti. "Ulijua?"

"Mluzi, Kariuki. Wimbo mzima."

"Na hukusema?"

"Niseme nini? Tulikubaliana palepale. Ukimwita mwenzako kihii, umesema umekaa wiki mbili na kihii. Halafu wewe ndiye uliyekuwa unatuletea maji, wengine hatukuweza kutembea."

Nilikaa chini. Miaka ishirini na moja nimebeba mlango wa siri mgongoni, na nyumba yenyewe haikuwa na kuta.

Marabi walinong'ona kidogo kwa lugha yao. Halafu Rabi Mintz akashusha kitabu kimoja, akakifungua bila kutafuta sana, akamsogezea Kariuki. Akatueleza sisi wageni kwa maneno mepesi. Mtoto wao akizaliwa hivi, hukaguliwa kwa macho na kwa vidole, kwa upole, asitiwe uchungu. Halafu hutolewa tone moja la damu, kwa sababu huenda ipo ngozi iliyojificha na huenda haipo. Siku ya nane ikiwa ni Sabato, mtoto mwingine hutahiriwa siku hiyohiyo, lakini huyu husubiri Jumapili, maana Sabato haivunjwi kwa jambo lenye shaka. Na mtu mzima anayejiunga nao akiwa amezaliwa hivi, naye ni tone moja.

"Na baraka?" Kariuki aliuliza, ingawa nina hakika alikuwa anajua.

"Juu ya tone hilo hatusemi baraka," rabi akajibu. "Hatuna uhakika kama inatakiwa, na jina la Mungu halitajwi kwa kubahatisha."

Nilipenda jambo hilo. Mimi ningekuwa na shaka ningeongeza maneno.

Tuliingia chumba cha pili. Niliuliza kama naweza kusimama nyuma yake nimshike mabega, kwa kuwa ndiyo kazi ya mlezi na kule zahanati sikupata kuifanya. Daktari akasema hakuna ubaya, mradi nisitikise. Akamkagua, akatikisa kichwa kwa marabi kuwa hakuna kovu. Akafungua kisindano kidogo kama kile cha kupima sukari, akachoma mara moja. Kariuki akavuta hewa kwa meno na mabega yake yakapanda mikononi mwangu. Tone likatokea, dogo kama mbegu ya sukuma wiki. Daktari akaligusisha kitambaa cheupe, akawaonyesha marabi mmoja mmoja. Kila mmoja akaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyesema kitu, na kimya chenyewe kilikuwa kirefu kuliko kazi.

"Imeuma?" Ngugi aliuliza kutoka mlangoni.

"Imeuma."

"Pole. Sisi tulipigwa sindano ya ganzi."

Baada ya hapo walimpeleka kwenye kidimbwi chao cha kujitosa, akazama mara tatu, na baraka za huko tulizisikia kupitia ukutani. Rabi Mintz akajaza cheti: tarehe, jina jipya, sahihi tatu. Mimi sikuombwa sahihi, na sikushangaa.

Kwenye maegesho jua lilikuwa kali mpaka vitasa vya gari vinachoma. Ngugi alisimama kivulini akiandika kwenye simu. Wale watano wana kundi lao la WhatsApp. Mmoja yuko Nakuru, mmoja Doha, mmoja Minneapolis, na mwingine sijui yuko wapi. Alitugeuzia kioo tusome. Alikuwa ameandika: "Kariuki amepashwa tohara leo, Houston, mchana kweupe. Mimi na mjomba wake tulikuwepo."

Nilitaka kumnyang'anya simu, lakini majibu yalikwisha kuanza kuingia. Wa Nakuru aliandika, "Hatimaye." Wa Doha akatuma picha ya mbuzi. Wa Minneapolis akauliza, "Alilia?"

Kariuki, nywele bado zinamdondoka maji kwenye kola, akaichukua ile simu mkononi mwa Ngugi, akafikiri kidogo, kisha akaandika mwenyewe: "Kidogo."