Kiraka cha Hema la Lamadi

Nilikuwa barazani nafumua uzi wa kiraka cha zamani, polepole ili hema lisizidi kuchanika, Maua aliposema, "Nimelileta lishonwe, fundi. Sijasema Maftaha ataenda."

"Wenzake wanaondoka kesho kutwa, Mama Maftaha."

"Ndiyo maana silali."

Maftaha ni binti yake wa pekee, yuko kidato cha pili. Darasa lao linakwenda kulala nje, kwenye vilima vya karibu na Lamadi, kule kule tulikopelekwa mimi na mama yake tukiwa na umri wake. Hema ni lile lile. Mzee Sharifu, baba yake Maua, alilinunua kwa safari yetu, kisha likakaa stoo ya duka lake miaka yote nyuma ya magunia ya sukari. Bado lilinuka moshi wa kuni, au labda ni mimi niliyetaka linuke.

"Ulituchagulia mahali pazuri siku ile," nikamtania. "Pamefagiwa, hapana hata mwiba."

"Ningejuaje ni njia ya ng'ombe? Mimi nimekulia dukani!"

Tulicheka. Alfajiri ile kundi zima lilikuja likienda ziwani kunywa maji. Wenzetu walikimbia. Maua alibaki ndani amejifunika kanga, na pembe ya maksai ikapasua hema karibu na sikio lake. Mimi ni wa Nkololo, kwa wafugaji. Nilichunga ng'ombe wa baba kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtoto wa kiume, na mluzi wa kuwapeleka kwenye maji niliujua, ingawa nyumbani walinigombeza kwamba si wa mtoto wa kike. Niliupiga huku natembea pembeni, ng'ombe wakanifuata.

Kwa kina Maua, msichana kupiga mluzi ilikuwa aibu. Lakini siku hiyo alishinda juu ya jiwe akijaribu mluzi wangu, akipuliza hewa tupu mpaka midomo ikamkauka.

Kisha mwalimu wetu, Ndalahwa, akatukabidhi sindano. "Mliolala ndani ndio mtakaoshona." Maua akakata pindo la kitenge chake, mimi nikashona. Sikuwahi kushika sindano kabla ya hapo. Mishono ile iliyopinda ndiyo niliyokuwa naifumua sasa, na mkono ulikuwa mzito.

"Maksai yule angenitoboa," Maua alisema. Hakuwa anacheka tena. "Na mwanangu hana Nyanjige kama wewe wa kumtangulia."

"Jioni ng'ombe waliporudi, mimi nilikuwa wapi?"

Alifikiri. "Ulikwenda kuchota maji."

"Nani aliwapitisha pembeni?"

Alitazama barabarani, akalowanisha midomo, akapiga. Mluzi mwembamba, umekwama katikati, kama ule niliousikia kwa mbali jioni ile. Dereva wa bodaboda aligeuka kutafuta anayemwita. Maua akajificha uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Bado upo," nikasema.

"Mbovu vile vile."

Alipapasa kipande cha kitenge nilichokwisha kukitoa. Halafu akakisogeza kwangu.

"Upande huo usiumalize. Kesho akitoka shule namleta aushone mwenyewe. Na huo mluzi umfundishe wewe, mimi nitamharibia."

Nikachomeka sindano kwenye hema, pale nilipofika, nikaacha uzi unaning'inia.