Mvua ya Mahindi

Kabla watu hawajaingia, Mwalimu Jairo alikuwa amekwisha kuziba madirisha ya darasa kwa mablanketi, akatandika mikeka na kuweka kila ungo wa mahindi mahali pake. Mchezo ulikuwa mfupi: mvua inanyesha, mto unajaa, kahawa inachanua. Haukuwa na jukwaa. Watoto wa kitengo maalumu, ambao wengi wao hawakuweza kusema, walikaa katikati ya mchezo wenyewe ili waguse, wanuse na wasikilize.

Kwa Angel, binti wa miaka minane, mchezo huo ulikuwa hukumu. Baba yake, Osward, muuza mchele pale Tunduma, alikuwa ametamka: "Akitulia mpaka mwisho, abaki shuleni. Akileta vurugu zake, namrudisha kwa bibi yake Msangano."

Jairo alijua maana ya Msangano. Mtoto huyo aliletwa shuleni na kovu la kamba mguuni. Huko alifungwa kwenye nguzo ya ghala kila watu walipokwenda shamba.

"Ndugu wazazi," Jairo alisema kwa sauti ya chini, "leo hakuna makofi. Kelele za ghafla zinawaumiza watoto hawa. Ukifurahi, punga mikono hivi."

Wakajaribu. Osward akapunga kama anayefukuza nzi. "Mwalimu, nimefunga duka nije kupungia mahindi?"

"Baba Angel, mvua ya bure hiyo," akajibu Mwalimu Erica, aliyeshika ungo. "Kwenu Msangano si huwa mnaililia?"

Wazazi wakacheka huku wameziba midomo. Hata Osward akatabasamu.

Erica akaanza kumimina mahindi kutoka ungo huu hadi ule, polepole, kisha kwa kasi, hata darasa zima likajaa mvua. Jairo akapitisha kitenge cha bluu juu ya vichwa vya watoto, kisha bakuli la maua ya kahawa yaliyotoka Isansa asubuhi ile. Angel, aliyekuwa amejikunyata ukutani, akainua kichwa. Akatambaa hadi kwenye ungo, akazamisha mikono yote miwili, akacheka. Halafu akachota konzi moja, akaenda nalo moja kwa moja kwa baba yake na kulimimina kiganjani mwake.

Osward akabaki ameyashika mahindi yale, macho yamemlowa.

Hapo ndipo furaha ilipomzidi Jairo nguvu. Katika ualimu wake wote, mtoto alipofanya vyema, kinywa chake kilikuwa na agizo moja tu, nalo likamponyoka:

"Mpigieni makofi! Moja, mbili, tatu!"

Nani asiyelitii agizo hilo tangu chekechea? Darasa likalipuka. Angel akaziba masikio, akapiga yowe, akajitupa chini na kugonga kichwa sakafuni. Baba yake alipomshika, mtoto akamng'ata mkono hadi ukatoka damu.

"Kosa ni langu, Baba Angel. Mimi ndiye niliyeagiza."

"Nimeona, mwalimu."

"Tumsubiri atulie. Nakuomba."

"Nilisema mpaka mwisho." Osward akamtupa mtoto begani pamoja na mateke yake, akatoka.

Asubuhi iliyofuata Jairo alikwenda dukani kwa Osward. Lilikuwa limefungwa.

"Ameteremka Msangano na binti yake," akasema jirani, muuza vifaa vya ujenzi. "Alipita hapa kwangu akachukua kamba. Nikamuuliza ya nini, akasema ya magunia."