Tai ya Kupigia Picha

Daktari alisema mtoto apelekwe kupigwa picha, basi shangazi yake akamvalisha shati jeupe na tai ya kipepeo.

"Wifi, ni picha ya ubongo," mama mtoto akamwambia.

"Kwani ubongo hauna shingo?"

Baba mtoto, kinyozi mwenye mdomo mkali kuliko mkasi wake, alitaka kucheka, akamtazama mwanawe. Hakuwa amemaliza hata wiki mbili duniani na tayari alikuwa amegoma kunyonya. Alilala kama mlevi. Ukimwinua mkono, unaanguka pwa. Fundi wa mashine akaivua ile tai, akasema humo ndani ni sumaku tupu, na kibanio chake cha chuma kingeruka kama panzi. Mtoto akaingizwa kwenye tundu, likaanza kugonga kama mafundi bati waliogombana.

Nje, kwenye benchi, vita vya nepi vikaendelea. Tangu juzi nepi zilinukia sukari iliyoungua, na mama mtoto alishikilia kwamba wifi yake anamlambisha mtoto sukari kwa siri. Shangazi akaapa hajamlambisha chochote. Mtoto wa ukoo wao kila kitu chake kitamu, hata mkojo, karithi kwao.

Daktari akatoka amekaza uso. Picha ilionyesha ubongo umevimba, hasa huku nyuma kisogoni na kwenye shina lake. Kinyozi alikuwa ameshika vichwa vya mtaa mzima, wala hakuwahi kujiuliza ndani mna nini.

"Mkojo wake unanukiaje?"

Mawifi wakatazamana. Mzaha ukamponyoka kinyozi. "Kama duka la peremende, daktari."

Daktari hakucheka. Aliagiza damu ipimwe, maziwa yasimame, mtoto atundikiwe dripu ya sukari.

"Ya nini?" shangazi akauliza, macho kwa wifi yake.

Ya sukari, daktari akarudia. Mwili wa mtoto ulikuwa unashindwa kuvunja protini za maziwa, na sumu yake ikapanda kichwani. Maziwa maalumu yapo. Wakiwahi, uvimbe unaweza kushuka. Na ndiyo, ni ugonjwa wa kurithi, nusu kwa baba, nusu kwa mama.

"Wenzetu wanarithi mashamba," kinyozi akanong'ona, machozi yakimtoka.

Siku chache baadaye mtoto alilia hadi wodi nzima ikalalamika. Baba yake akawaomba wamvumilie, alikuwa na deni la kelele. Shangazi akachomoa tai na simu mkobani, akasita. Mama mtoto akaipokea tai, akamfunga mwanawe mwenyewe.

"Haya wifi, piga picha," akasema. "Hii ina shingo."