Asubuhi ya Sita ya Nyota Mkia

Nilinyoosha mkono mpaka kiwiko kikakaza, nikafumba jicho moja, nikaulaza mkia wa ile nyota kwenye vidole vyangu vitatu vya katikati. Haukuvijaza. Vidole vitatu ni digrii tano, kwa hiyo nikaandika nne. Ilikuwa Jumatatu, asubuhi ya sita, na mume wangu alikuwa anakata roho ndani ya nyumba.

Sikujua. Au nilijua, siku hizi siwezi kutofautisha.

Kazi ile nilipewa na mjukuu wangu Naswiba, anayesomea mambo ya anga chuo kikuu. Walikuwa wanaifuata nyota mkia iliyolipita jua kwa karibu, hawajui kama itapona au itapasuka vipande. Walitaka watu wa kuitazama kabla hakujapambazuka, mahali ambapo mashariki ni wazi. Uani kwetu Rukoki milima iko mgongoni, na mbele ni tambarare tupu mpaka ziwani Hamukungu. Halafu mimi huamka kabla ya adhana. Niliishia darasa la sita, lakini mwandiko wangu unasomeka.

Alinifundisha kwa siku moja. Kidole kidogo, mkono ukiwa umenyooka, ni digrii moja. Ngumi ni kumi. Ukitaka kupima mwanga, unashika darubini ya macho mawili na kuiharibu picha makusudi, mpaka nyota za kawaida zinavimba kama matone ya mafuta juu ya mchuzi. Hapo ndipo unatafuta ni ipi inayolingana na kichwa cha nyota mkia.

"Na Jaja," aliniambia, maana kwetu bibi huitwa hivyo, "usiandike unachotaka kuona. Andika ulichoona, dakika uliyotoka na dakika uliyoingia. Siku ukikosa, andika nimekosa. Hakuna atakayekugombeza."

Siraj, mume wangu, aliendesha lori la samaki na chumvi kati ya Kasese na Bwera miaka thelathini, mpaka moyo ukamlaza. Kila asubuhi alinichokoza kutoka kitandani.

"Hiyo bwana yako ya mukia imefika?"

"Imefika. Tena imeoga, si kama wewe."

"Iambie huyu muke iko na mwenyewe."

Jumatatu ile hakunichokoza. Nilipoinuka alishika pindo la leso yangu. Nikamwambia nyota haikai, mwanga ukija unaifuta, nakwenda hapo uani tu. Akaliachia pindo.

"Enda muangalie. Mimi iko hapa tu."

Nilitoka saa kumi na mbili kasoro dakika kumi na mbili. Nikaingia saa kumi na mbili na dakika mbili. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo, macho yanatazama mlango.

Nilikaa kwenye kigoda, nikaandika dakika ya kuingia. Ndivyo nilivyofanya. Nikafunga daftari, ndipo nikamfumba macho, nikamfunga taya kwa kitambaa cheupe, nikamnyoosha miguu. Sikulia. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: upo, ni wako, lakini haukuambii kitu.

Dada yake, Kulusum, anakaa ng'ambo ya ua wetu na huuza vitenge soko la Bwera. Aliingia bila viatu. Hakuuliza ndugu yake amekufaje.

"Mulamu," akaniita, yaani wifi, "nani alimutamukisha shahada?"

Kwetu Waislamu, anayekata roho hukaliwa karibu, akatamkiwa shahada polepole mpaka ulimi wake uifuate. Ni haki yake ya mwisho.

"Mimi," nikasema. "Saa kumi na mbili kamili. Nilikuwa nimemshika mkono."

Mimi ni mtu wa vipimo. Hata uongo wangu niliutia saa.

Kulusum aliipeleka habari, pamoja na saa yake, kwa kila mtu aliyekuja matangani. Wanawake wa Bwera walinijia mmoja mmoja kuugusa mkono ule. Niliwapa. Ulikuwa ule ule niliopimia mkia.

Nikakaa eda. Nyota nayo ilikuwa imehamia jioni, upande wa magharibi, na kwetu milima ya Rwenzori ikaificha. Kila magharibi Kulusum aliniletea ugali wa muhogo na samaki, akakaa mpaka nimalize, na kila mara alisema jambo lile lile: "Baba yetu alifia barabarani, hakuna mutu wa kumutamukia. Lakini Siraj, Mungu alimupa wewe." Nami nilitafuna.

Wiki ya tatu Naswiba akaja kuchukua daftari. Alilisoma mlangoni penye mwanga, kidole kikishuka mstari kwa mstari, kikasimama.

"Jaja. Hii ya Jumatatu."

"Ina nini?"

"Saa kumi na mbili kamili ulikuwa nje."

Alikaa chini taratibu, kama mtu aliyebeba maji.

"Asubuhi hiyo wengi walipata mawingu," akasema. "Ni kipimo kizuri. Lakini ni siku moja tu. Nikiandika umekosa, hakuna atakayejua."

"Nilikosa?"

"Hapana."

"Basi tuma kama ilivyo."

Akatuma kwa simu, palepale. Nikafikiri: watu wa mbali wasioijua hata sura yangu sasa wanazo dakika zangu, na dada yake Siraj wa tumbo moja hanazo.

Jioni Kulusum alipoingia na sahani, sikuipokea.

"Siraj hakutamkiwa," nikamwambia. "Nilikuwa uani natazama nyota. Nilimkuta amekwisha kufa."

Aliiweka sahani chini. Akaukunja na kuukunjua ukingo wa mtandio wake.

"Alikuwa peke yake?"

"Ndiyo."

"Dakika ngapi?"

"Kumi na nne."

"Alikuita?"

"Kama aliita, sikusikia."

Alitikisa kichwa, si kwangu. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitenge ambacho hatakinunua: "Na hiyo nyota, uliiona vizuri?"

"Niliiona vizuri sana."

Akatoka.

Kesho yake magharibi chakula kilikuja, ugali ule ule, samaki yule yule, kimefunikwa vizuri. Lakini alikileta Ramula, jirani, akaniwekea kizingitini bila kuvua viatu, akaniambia Kulusum ana kazi.

Nikakivuta ndani. Nilikula peke yangu, nikamaliza.