Maswali Matatu ya Mama Mwenye Nyumba

Koti la baridi hakuwa nalo. Sanduku hakuwa nalo, ila begi la kuazima lililofungwa kwa pini baada ya zipu kufa. Hakuwa na jamaa wala rafiki ng'ambo, hakuwahi kulala hata siku moja katika chumba cha peke yake, na kubwa kuliko yote, hakuwa na anwani. Chuo cha ugenini kilikwisha kumkubali kwa muhula mmoja, lakini ubalozi ulitaka karatasi yenye jina la mtaa na namba ya nyumba atakayokaa. Bila karatasi hiyo hakuna viza, na bila viza nafasi ingekwenda kwa mwingine. Zilibaki wiki tisa.

Nyumbani walimwita Futi, kwa kuwa alisomea upimaji wa ardhi na hakuona kitu asikipime. Mabweni ya chuo kile yalikuwa yamejaa, hivyo ofisi ya wanafunzi ilimpa orodha ya wenye nyumba kumi na mmoja. Kumi walijibu kuwa wamepata watu, au hawakujibu kabisa. Aliyebaki alikuwa mama mmoja mzee, mjalidi wa vitabu aliyestaafu, ambaye hakutaka kusikia habari za simu wala kompyuta. Anayetaka chumba kwake amwandikie barua ya kujieleza.

Futi alifurahi. Barua ya kujieleza ina ugumu gani? Aliweka anwani mbili, akapiga mstari chini ya "Yah: Maombi ya Chumba", akataja shule zote alizosoma, akaambatisha nakala za vyeti zilizogongwa mhuri wa wakili, picha mbili za pasipoti, na majina ya wadhamini wawili. Baba yake, karani mstaafu wa mahakama, aliisoma akiwa amevaa miwani. Akasema mtu akimnyima kijana chumba baada ya barua kama hiyo, basi ana lake jambo.

Jibu lilifika baada ya wiki tatu. Vyeti vyote vilikuwa vimerudishwa, vimefungwa vizuri kwa karatasi ya kaki, na juu yake pana barua fupi. Mama yule alimpongeza kwa kufaulu hesabu, ila akamkumbusha kwamba yeye haajiri mtu. Wangetumia jiko moja, bafu moja na mlango mmoja. Kwa hiyo alikuwa na maswali matatu: ukikasirika unafanya nini? Unaoishi nao wanalalamikia nini? Nani anakuvumilia, na anavumilia nini? Chini aliongeza: "Usijibu kwa kichwa chako. Waulize."

Wiki sita zilizobaki, ukitoa zile za kushughulikia viza, zilitosha barua moja kwenda na moja kurudi. Ya kusahihisha makosa haikuwa na nafasi.

Mwanzoni Futi aliona anadhihakiwa. Kisha akaanza kuwashwa na hamu ya kujua. Alikuwa amepima mashamba, visima na kiwanja cha mpira, lakini hakujua yeye mwenyewe ni mtu wa namna gani ndani ya nyumba. Akachukua daftari lake la kazi za uwandani, akaenda jikoni.

Mama yake, aliyekuwa akichambua maharage, alimwagiza aandike kwamba ni mpole na hachagui chakula. Alipoulizwa habari ya hasira, akacheka mpaka ungo ukatikisika. Futi hagombi, akasema. Futi akikasirika anapanga vitu. Siku baba yake alipomkataza kwenda safari ya wenzake, chumvi ilitafutwa siku mbili, ikakutwa stoo, imepangwa kwa urefu pamoja na chupa za mafuta ya taa.

Dada yake, fundi cherehani, alikuwa na mawili: hafungi milango, na mtu akisema anakuja baada ya dakika tano, yeye anatazama saa. Baba alisema hana la kulalamika, akalieleza kwa nusu saa.

Alibaki binamu yake, mtoto wa shangazi, mchomeleaji, ambaye walikuwa wakilala chumba kimoja miaka minne sasa. Alimkuta karakanani akiunga geti. Binamu akainua kinyago chake cha kuchomelea, akasikiliza maswali, akatafakari.

"Huna ubaya, mdogo wangu. Andika hivyo."

"Nimeulizwa nani ananivumilia."

"Basi andika taulo."

"Taulo gani?"

"Ile ninayojifunika usoni nikilala. Ulidhani ya nini?"

"Mbu."

"Mbu wanaouma uso tu, miguu wanaiheshimu?" Binamu akatikisa kichwa. "Taa, bwana. Mchana kutwa natazama moto huu, nikifika kitandani unanipokea mwingine."

"Mbona hukuniambia, kaka?"

"Ulikuwa unasoma. Nyumba nzima ilikuwa inakuombea usome. Mimi ndiyo nikuzimie taa?"

Futi alikijua chumba kile kwa sentimita. Alijua hata umbali wa balbu hadi mto wa binamu yake: mita moja na sitini na mbili. Hakuwahi kujiuliza mwanga unaishia wapi.

Waliomba kipande cha bati, wakakikunja kuwa kikinga mwanga, wakakifunga jioni ile ile.

Barua ya kumjibu mama yule ilizua baraza nyumbani. Baba alisema mambo ya chumbani hayapelekwi ng'ambo. Mama alimwonya kwamba atajikosesha safari kwa mkono wake mwenyewe. Aandike milango, inatosha. Futi hakubishana. Aliona mikono yake imeanza kupanga vikombe mezani, akaviacha. Akasema yule mama ndiye atakayelala upande wa pili wa ukuta, na ana haki ya kujua.

Akaandika bila "Yah". Akaandika chumvi, milango, saa. Kisha akaandika: "Binamu yangu amelala na taulo usoni miaka minne kwa sababu ya taa yangu. Nimejua juzi, kwa kuwa uliniambia niulize. Tumefunga kikinga cha bati. Sijui kama kinafaa. Yeye anasema nimpe wiki moja kwanza."

Posta, karani aliipima kwenye mizani na kumkatia stempu. Futi aliisoma mara ya mwisho, akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kiganja na kuitumbukiza kwenye sanduku la barua.